Usingizi wa Mchana: Habari za Malale katika Mwambao wa Tanganyika

Mtu mzima akionekana amesinzia saa nne ya asubuhi, jembe mkononi na jua limekwisha kuwa kali, watu husema nini? Majibu yako tayari siku zote. Huyu ni mvivu. Huyu alikunywa jana. Huyu amerogwa. Naye mwenyewe hawezi kujitetea, kwa maana kabla ya kulimaliza neno la pili amekwisha kulala tena, na tonge la bugali bado li kinywani.

Leo nataka kueleza habari za ugonjwa ule ambao kwetu huitwa ugonjwa wa usingizi, na Waswahili wa ng'ambo ya ziwa huuita malale. Ulipita katika nchi za ziwa letu ukaacha vijiji vitupu. Wataalamu walimtafuta mdudu wake wakampata, wakamtafuta inzi anayemleta wakampata, wakatafuta na dawa. Lakini usingizi wenyewe, ile alama iliyoupa ugonjwa jina lake, ulikaa miaka mingi pasipo mtu kuutazama vizuri. Kumbe mgonjwa wa malale halali sana kama tulivyodhani. Tutaliona jambo hilo mbele.

Kwanza tuitazame nchi. Anayetoka Uvira kwenda kusini hufuata ziwa mpaka Baraka, mji ulio penye ghuba iliyofunikwa upande wa mashariki na rasi ya Ubwari. Wazungu waliiita ghuba hiyo kwa jina la Burton, yule Mwingereza aliyelifikia ziwa pamoja na mwenzake Speke mwaka 1858. Jina la Baraka lenyewe ni la Kiswahili, nalo latukumbusha wafanya biashara waliovuka kutoka Ujiji, wakashika njia za milimani kwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Ukiiacha Baraka na kupanda, wafika Fizi, makao makuu ya wilaya, na ukizidi kupanda wafika nyanda za Itombwe penye baridi na majani ya ng'ombe. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za juu zapita mita 2,000. Shikeni tofauti hiyo ya joto na baridi, kwa kuwa ugonjwa huu hauwezi kupanda mlima. Inzi wake hapendi baridi.

Ugonjwa si mgeni katika Afrika. Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwarabu wa karne ya 14, aliandika habari za mfalme mmoja wa Mali, jina lake Jata, aliyeshikwa na usingizi usioondoka, akaugua karibu miaka miwili, akafa mwaka 1374 au kabla yake kidogo. Mfalme yule hakuwa mtu wa jembe, wala hakuna aliyemwita mvivu. Baadaye, mwaka 1803, daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyekuwa amekaa Sierra Leone, aliandika kwamba wachuuzi wa watumwa walikataa kumnunua mtu mwenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Inasikitisha kusema hivyo, lakini wale waliouza watu kama mbuzi ndio walioijua mapema alama ya ugonjwa huu kuliko matabibu, kwa sababu fedha yao ilikuwa hatarini.

Basi, mwisho wa karne ya 19 nchi zetu ziligeuzwa juu chini. Misafara, vita, askari waliotembezwa kutoka upande mmoja wa Kongo hata mwingine, wapagazi waliokamatwa kwa nguvu, mpira uliodaiwa kama kodi katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, tauni ya ng'ombe, njaa. Ugonjwa uliokuwa umekaa pembeni mwa mto fulani, ukijulikana na wenyeji ambao walijua pia mahali pasipofaa kujenga, sasa ulipata miguu. Watu waliochoka na wenye njaa waliupeleka bila kujua. Wanahistoria hubishana kuhusu njia gani hasa ilikuwa ya kwanza, lakini hawabishani kuhusu chanzo cha maafa, yaani kutembezwa kwa watu na kuharibika kwa desturi zao za kukaa.

Pigo kubwa la kwanza kuonekana na wote lilikuwa Uganda, katika Busoga na visiwa vya Sese, kuanzia mwaka 1900. Katika miaka michache walikufa watu wapatao 200,000. Hapo ndipo serikali za Ulaya ziliposhtuka. Zaidi ya huruma, ziliona kwamba mikono ya kazi inakwisha.

Wataalamu wakatumwa. Mwaka 1901 kule Gambia daktari Forde aliona vijidudu vyenye kujinyonganyonga katika damu ya nahodha mmoja wa meli, na kijana Joseph Everett Dutton akavitambua kuwa ni tripanosoma. Mwaka 1903 Castellani alitoa habari kwamba amevikuta huko Entebbe katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wenye usingizi, na David Bruce akaonyesha kwamba mchukuzi ni mbung'o. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine akabainisha jambo lililobaki, kwamba kijidudu chakaa na kukua ndani ya mbung'o kabla ya kuweza kumwingia mtu mwingine. Huchukua majuma matatu hivi. Mbung'o si sindano chafu tu. Ni nyumba ambamo kijidudu hulelewa.

Dutton huyo ametuhusu sisi kwa karibu. Pamoja na mwenzake John Todd alipanda mto Kongo kuanzia mwaka 1903, wakipima watu njiani, hata wakafika Maniema. Hao wawili ndio waliofundisha kwamba mtu akigusa shingo, akakuta tezi zimevimba, akachoma tezi moja kwa sindano na kutazama maji yake kwa hadubini, aweza kuukuta ugonjwa hata kama mtu hajaanza kusinzia. Tangu hapo kushikwa shingo kukawa jambo la kawaida katika vijiji vya Kongo; watu walipangwa mstari, na daktari au msaidizi wake akapita nyuma yao akipapasa. Lakini Dutton hakuiona kazi hiyo ikienea. Alikuwa akichunguza pia homa inayoletwa na papasi, wale wa nyumba za udongo ambao watu wa Kongo huwaita kimputu. Homa hiyohiyo ikamshika, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye ana umri wa miaka 30. Yeyote aliyelala katika nyumba ya wageni yenye papasi atamwonea huruma.

Na ziwa letu je? Halikuponyoka. Katika miaka ile ya kwanza ya karne ya 20 malale yalionekana pande zote za Tanganyika, kwa Wabelgiji magharibi, kwa Wajerumani mashariki, na kwa Waingereza kusini. Wajerumani wakaanzisha kambi za wagonjwa, wakakata vichaka penye bandari za mitumbwi. Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini wakawahamisha watu wa mwambao wakawapeleka mbali na maji. Aendaye leo Mpulungu, Zambia, aweza kuona kuta za mawe za kanisa la Niamkolo, lililojengwa na wamisionari wa Kiprotestanti wa London. Liliachwa mwaka 1908 kwa ajili ya malale, na kuta zimesimama hata leo. Upande wetu, katika nchi ya Moba, Kapitani Joubert, mzee yule aliyekuwa amewakinga watu na wateka watumwa, alilazimika mwaka 1910 kukiacha kituo chake cha Saint-Louis de Mrumbi na kuhama pamoja na watu. Bunduki zake zilikuwa zimewazuia wateka watumwa, lakini kwa mbung'o hazikufaa kitu.

Kwa nini mwambao? Hapa yafaa kumweleza mbung'o wenyewe, maana wengi humchanganya na inzi wa ng'ombe. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine kama makali ya mkasi uliofungwa. Huuma mchana, dume na jike wote wawili, na uchungu wake hupita katika shati. Hatagi mayai mengi kama inzi wengine. Huzaa funza mmoja kwa mara moja, na funza huyo hujichimbia katika udongo laini wenye kivuli. Aina inayoeneza malale ya Kongo hukaa penye maji na miti, na mojawapo ni ya mwambao wa Tanganyika hasa. Sasa fikirini: mahali pa kuteka maji, pa kufulia, pa kuanikia ndagala, pa kufungia mitumbwi chini ya mwembe. Mahali ambapo watu wote wa kijiji hupita kila siku ndipo anapopenda kukaa. Ndiyo maana kukata vichaka kulifaa, kwa kuwa funza akikosa kivuli hukauka. Na ndiyo maana wavuvi na wanawake waliokwenda majini waliumwa zaidi kuliko wachungaji wa Itombwe.

Lakini kumhamisha mvuvi mbali na ziwa ni sawa na kumwambia asiumwe na mbung'o bali afe njaa. Wengi walirudi usiku kwenye mitego yao. Waliitwa wakaidi. Mimi sioni ukaidi hapo; naona watu waliokuwa na watoto wa kulisha.

Tuje kwenye dawa, kwani hapa pana uchungu mwingi. Dawa ya kwanza iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na zarniki, yaani sumu ya panya. Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, aliitumia mwaka 1906 na 1907 katika visiwa vya Sese. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, tezi zikashuka, watu wakamiminika kwake. Nafuu ikaisha, naye akaongeza kipimo, na wagonjwa 22 wakapofuka kabisa. Mwaka huo wa 1906 Mfalme Leopold II alitangaza zawadi ya faranga 200,000 kwa atakayepata dawa ya kuponya. Hakuna aliyeipata upesi.

Katika Kongo wagonjwa walitengwa katika nyumba zilizoitwa lazareti. Jina hilo bado lawatia baridi wazee wa sehemu nyingi. Mtu aliyekutwa na vijidudu alichukuliwa mbali na jamaa zake, pengine anajisikia mzima kabisa, akawekwa pamoja na watu waliokuwa wakifa. Alichomwa mgongoni kwa sindano ndefu, akapewa dawa iliyoweza kumpofusha, na wachache tu walirudi nyumbani. Kusafiri kukahitaji cheti cha daktari. Basi watu wakajifunza kukimbia. Wengine walikata tezi zao za shingo ili daktari asizikute. Wakubwa wakasema, Hawa hawapendi kuponywa. Lakini nani alikuwa amewaonyesha aliyepona?

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1920 daktari mwanamke wa Marekani, Louise Pearce, alikuja Léopoldville kujaribu dawa mpya iitwayo triparsamidi, iliyoweza kuufikia ugonjwa hata ukiwa kichwani. Nayo iliharibu macho ya wengine, ila sasa walionekana watu waliotoka lazareti kwa miguu yao. Vikundi vya waganga vikazunguka vijijini na hadubini, na kazi kubwa ya kutazama damu siku nzima ilifanywa na wasaidizi Wakongo, ambao majina yao hayamo vitabuni. Mwaka 1930 wagonjwa wapya katika Kongo nzima walipita 30,000; mwaka 1959 walikuwa kama 1,200 tu. Hiyo ilikuwa kazi ya kweli, hata kama ilifanywa kwa amri kali.

Sasa turudi kwenye usingizi, kama nilivyoahidi.

Malale ya Kongo huanza kimyakimya. Baada ya kuumwa, mtu hupata homa ya kuja na kwenda, kichwa kuuma, viungo kuuma, mwili kuwasha, tezi za shingo kuvimba. Hufikiri ni malaria, na mara nyingi hutibiwa malaria. Miezi hupita, pengine miaka. Kisha vijidudu huingia katika ubongo na maji yanayouzunguka. Hapo tabia hugeuka. Mtu mpole huwa mgomvi, mwenye haya hutukana, mwenye akili ya hesabu husahau deni la jana. Mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, mwendo huyumba. Wanawake hukosa siku zao, wanaume hupoteza nguvu za kiume, na hapo ndipo nyumba nyingi huanza kutafuta mchawi. Iko na alama nyingine ya ajabu: mgonjwa akigonga kidogo tu mkono wake mlangoni, hapati uchungu mara moja, lakini baada ya kitambo kidogo uchungu huja mkali usiolingana na pigo. Daktari Mfaransa Kérandel aliieleza alama hiyo kwa kuisikia katika mwili wake mwenyewe, maana aliambukizwa akiwa kazini Afrika.

Na usingizi? Miaka mingi iliaminiwa kwamba mgonjwa hulala kupita kiasi. Katika miaka ya 1980 na 1990 daktari Mfaransa Alain Buguet na wenzake walifanya jambo ambalo lingeweza kufanywa zamani kidogo kama mtu angalifikiri: waliwapima wagonjwa wa Afrika usiku na mchana, saa 24 mfululizo, kwa mashine inayoandika mwendo wa ubongo. Wakaona kwamba ukijumlisha usingizi wote wa mgonjwa, haupiti sana wa mtu mzima wa afya. Kilichoharibika ni mpango wake. Mtu wa afya hukusanya usingizi wake usiku. Mgonjwa wa malale hulala kipande mchana, akaamka. Kipande saa kumi, akaamka. Na usiku wa manane yuko macho, akizunguka uani, akizungumza peke yake. Tena akilala, huingia mara moja katika usingizi wa ndoto, jambo ambalo kwa watu wengine huja baada ya saa moja na zaidi. Saa iliyomo mwilini imevunjika.

Basi wale waliomwita mvivu walikuwa wamemtazama mchana tu. Mke wake, aliyemsikia akitembea usiku kucha, alijua nusu nyingine ya habari, wala hakuna aliyemwuliza.

Nisieleweke vibaya. Si kila anayesinzia mchana ana malale, la hasha. Yako matatizo mengine ya usingizi yaliyo mengi zaidi, na yafaa kuyajua ili watu wasiogope bure. Yuko anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi yake inakatika kitambo, kisha anashtuka na kuvuta hewa kama aliyetoka majini. Huyo huamka amechoka na kusinzia mchana wote, mara nyingi ni mtu mnene au mwenye shingo nene, na tiba ipo. Yuko anayeamka usiku asiweze kusogeza hata kidole, akiona kama mtu amemkalia kifuani. Hilo ndilo jinamizi. Akili imeamka kabla ya mwili, nalo hupita baada ya dakika chache bila kudhuru. Yuko mtoto anayetembea akiwa usingizini, na wengi wao huacha wakikua. Yuko anayeshikwa na usingizi wa ghafla na kulegea magoti akicheka sana. Hao ni wachache.

Na wako wasiopata usingizi kabisa. Katika Fizi na Baraka sina haja ya kueleza sana. Tangu mwaka 1996 vita vimepita na kurudi, na baada ya mauaji ya Makobola mwishoni mwa mwaka 1998 familia ngapi zililala porini, sikio moja likisikiliza? Mtu aliyejifunza kulala hivyo kwa miaka mingi, mwili wake hausahau upesi hata akipewa kitanda na mlango wenye komeo. Hushtuka kwa mlio wa bati, huota mambo yaleyale, asubuhi kichwa kizito. Huo nao ni ugonjwa wa kutibiwa, lakini tofauti yake na malale ni wazi ukiuliza vizuri. Huyu anajua asichoweza kukisahau, anakueleza habari zake kwa mpango. Yule wa malale habari zake zimeanza kupotea, na tezi na homa vilitangulia.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyourudisha ugonjwa wa zamani. Baada ya mwaka 1960 vikundi vya kuzunguka vijijini vikapungua, na katika maasi ya 1964 na baada yake misitu ya Fizi ikawa nchi ya wapiganaji ambako hakuna hadubini iliyofika kwa urahisi. Ilikuwa hivyo sehemu nyingi za Kongo. Polepole hesabu ikapanda tena, hata mwaka 1998 wagonjwa wapya waliotambuliwa katika Kongo walipita 26,000. Ndivyo kazi ya miaka 30 ilivyopotea.

Yako pia mambo ya kuvuka ziwa. Watu wengi wa Fizi na Uvira walikimbilia Tanzania, na kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yao. Wachache wanajua kwamba malale ya ng'ambo si yale ya Kongo. Ya Tanzania hukaa kwa wanyama wa porini na ng'ombe, huletwa na mbung'o wa mapori makavu, nayo ni ya haraka. Pengine baada ya majuma machache mgonjwa ana homa kali, na akikosa dawa hufa kabla ya mwaka kwisha. Ya Kongo huenda polepole kama mwizi. Mtu aliyerudi kutoka upande ule na homa isiyosikia dawa za malaria lazima amwambie mganga mahali alipokaa na mapori aliyopita, maana dawa za aina mbili hizi hazikuwa sawa miaka yote.

Kuhusu dawa, habari sasa ni njema kuliko wakati wowote tangu siku za Koch. Tangu mwaka 1949 dawa ya wagonjwa waliofikiwa kichwani ilikuwa melarsoproli, nayo ni ya zarniki pia. Ilichoma mishipa kama moto, na kati ya wagonjwa 100 iliua kama 5. Wauguzi waliichoma wakijua hivyo, kwa kuwa pasipo dawa wote wangekufa. Kisha zikaja dawa nyingine zisizo na sumu hiyo, lakini zilihitaji mishipa kutiwa maji siku nyingi hospitalini. Mwaka 2018 ikakubaliwa dawa ya vidonge, feksinidazoli, iliyojaribiwa hasa katika Kongo yetu na madaktari wa Kongo wakiwamo. Mwaka huohuo wagonjwa wapya wa Afrika nzima walipungua chini ya 1,000, na hesabu haijarudi juu tena. Walio wengi kati yao bado ni Wakongo, na Maniema ni miongoni mwa nchi zinazotajwa.

Kwa hiyo katika zahanati ya mwambao yaweza kupita miaka mingi bila muuguzi kuona mgonjwa hata mmoja. Hapo ndipo hatari ilipo. Muuguzi kijana hajapata kuishika shingo yenye tezi za malale, na mtu aliyeletwa akisinzia atapewa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha atapelekwa kwa waombaji, kisha atafungwa kamba kwa kuwa ana wazimu. Jamaa wanaomleta wanaweza kusaidia kwa kusema mambo manne bila kungoja kuulizwa: homa ilianza lini, tabia iligeuka lini, amekaa wapi penye mbung'o, na usiku anafanya nini. Kuna kipimo cha tone la damu la kidoleni ambacho hutoa jibu la kwanza upesi. Kikionyesha shaka, hutazamwa tezi na damu kwa hadubini, na pengine maji ya mgongo. Sindano ya mgongo yaogopwa bado kwa ajili ya habari za lazareti, lakini siku hizi haichomwi kwa kila mtu kama zamani, na mgonjwa hulala ubavu kidogo kisha akarudi kwa jamaa zake.

Vidonge humezwa mara moja kwa siku, siku 10, na lazima mgonjwa awe ameshiba. Tumbo likiwa tupu dawa haiingii mwilini vya kutosha. Muuguzi humtazama akila, kisha humpa vidonge, kisha humtazama akimeza. Baadaye huitwa arudi kupimwa tena. Usingizi wa usiku hurudi kwanza, ndivyo wasemavyo wanaowauguza.